Watson si mjinga: dhana potofu katika hadithi za mashabiki wa Sherlock Holmes

Wasomaji wa hadithi za mashabiki, yaani hadithi mpya ambazo mashabiki hutunga kwa kutumia wahusika wa mwandishi mwingine, husemwa kwamba ni watu wa kulalamika. Mtu katunga kwa mapenzi yake, hakulipwa hata senti, halafu anaambiwa "huyu siye Holmes," yule mpelelezi maarufu wa hadithi za Kiingereza ambaye Watson ni rafiki na msaidizi wake. Mimi niko upande wa wanaolalamika, kwa sababu wanampenda mhusika. Ila madai yao hueleweka vibaya, na baadhi yao hutetea mambo ambayo Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyemtunga Holmes, hakuyaandika kamwe. Hizi hapa dhana potofu ninazozisikia, na jibu langu kwa kila moja.

"Holmes halisi ana kofia ya wawindaji, kiko kilichopinda na ile kauli yake kwa Watson kwamba jambo ni jepesi mno."

Kauli hiyo, kwa namna inayonukuliwa kila mahali, haimo katika riwaya zake 4 wala hadithi fupi 56. Kofia tunaijua kutokana na michoro ya Sidney Paget katika jarida la Strand. Doyle alitaja tu kofia ya safari yenye vifuniko vya masikio. Kiko kilichopinda huhusishwa na William Gillette, Mmarekani aliyemwigiza Holmes jukwaani kuanzia 1899. Hadithi inaweza kuwa na vyote hivyo na Holmes asiwemo.

"Watson ni mjinga wa kuchekesha."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Watson huyo anatoka kwenye filamu za 1939 hadi 1946, alipoigizwa na Nigel Bruce. Wa Doyle ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa vitani Maiwand, Afghanistan, mwaka 1880. Katika riwaya ya mbwa wa Baskerville, Holmes anamtuma peke yake kwenda Dartmoor, na sehemu kubwa ya kisa tunaipata kwa macho na barua zake.

Ushahidi mzito zaidi umo katika kisa cha 1913 ambamo Holmes anajifanya mahututi. Anamkataza Watson asimsogelee kitandani. Mambo yakiisha anamweleza sababu: daktari hodari kama yeye angempima tu, akakuta mapigo na joto la mwili ni la kawaida, hila ingefichuka. Watson hakudanganyika kwa upumbavu, alizuiwa asiguse. Mwandishi anayemfanya bwege ili Holmes aonekane na akili amewaharibu wote wawili, maana mtu kama Holmes angekaaje miaka yote hiyo na bwege?

"Wasomaji hawataki Holmes aonyeshe hisia."

Wanazitaka sana, na Doyle aliwapa. Katika hadithi iliyotoka mwaka 1924 Watson anapigwa risasi pajani. Uso wa Holmes unabadilika, na anamwambia mhalifu kwamba kama angemuua Watson, asingetoka chumbani humo akiwa hai. Watson anaona jeraha lile lilistahili, kwa kuwa limemwonyesha upendo uliokuwa nyuma ya uso ule mkavu. Tukio hilo linatugusa kwa sababu limetanguliwa na miaka mingi ya kujizuia. Holmes anayebubujikwa na machozi ukurasa wa kwanza hana alichokuwa akikizuia.

"Mhusika mpya akimshinda Holmes, msomaji atamkataa, hasa akiwa mwanamke."

Mwaka 1973 Paula Smith, katika jarida la mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, alimdhihaki msichana wa kubuni, mkamilifu kupita kiasi, aliyeitwa Mary Sue. Jina hilo baadaye likageuzwa fimbo ya kumchapia karibu kila mhusika mwanamke mwenye uwezo, jambo ambalo si haki. Irene Adler, mwanamke katika hadithi ya Doyle ambaye Holmes alitumwa kumnyang'anya picha, alimshinda Holmes tangu 1891, na anapendwa hadi leo. Tunaona alivyoshinda: Holmes anaigiza kasisi, Watson anarusha kitu cha kutoa moshi na kupiga kelele za moto, Irene anakimbilia picha aliyoificha. Kisha anang'amua mtego, anavaa nguo za kiume, anamfuata Holmes hadi mlangoni kwake na kumtakia usiku mwema kwa jina lake. Akili yake tunaiona ikifanya kazi. Hatuambiwi tu kwamba anayo.

"Uhalisi ni kutokosea taarifa."

Doyle mwenyewe alikosea. Jeraha la Watson liko begani katika riwaya ya kwanza, mguuni katika ya pili. Anaitwa John, na mkewe kuna mahali anamwita James. Tumemsamehe. Kinachonikwaza zaidi ni Watson wa miaka ya 1890 kumwita rafiki yake "Sherlock." Wale waliitana kwa majina ya ukoo, na urafiki wao ulikuwa ndani ya adabu hiyo.

"Mwenye hadithi haruhusu mabadiliko."

Gillette alipoomba ruhusa ya kumwoza Holmes katika tamthilia, Doyle alimjibu amwoze, amuue, amfanye apendavyo. Na Zanzibar, mwandishi Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko na mwenzake Najum, katika riwaya iliyochapishwa 1960, *Mzimu wa Watu wa Kale*. Anayemjua Holmes anamtambua mara moja, lakini Msa ni mtu wa Unguja, na maswali yake yanawafikia watu wa Unguja kwa lugha yao. Hakuna shabiki wa Holmes mwenye sababu ya kumlalamikia.