Daraja la kimkakati ni nini? Mfano wa Kyaka

Kwa wanajeshi, daraja la kimkakati si lazima liwe kubwa. Ni lile ambalo likivunjika, vifaru, mizinga na malori ya risasi na chakula hayana pa kupita. Askari mmoja atavuka kwa mtumbwi. Kifaru cha tani 36 hakivuki hivyo. Ndiyo maana daraja la shamba, ambalo siku za amani linapitiwa na baiskeli zilizopakia ndizi, linaweza kugombewa kuliko mji.

Sisi tunalo la kwetu: Kyaka, katika Mto Kagera. Wengi hudhani mto huo ndio mpaka wa Tanzania na Uganda pale. Sivyo. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza waligawana nchi kwa kufuata mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta, mstari wa kwenye ramani ambao haukujali mto unapita wapi. Matokeo yake, kipande cha Tanzania cha takriban kilomita za mraba 1,800 kiko ng'ambo, upande wa kaskazini, na daraja la Kyaka ndilo lililokiunganisha na Bukoba kwa barabara.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kipande hicho, yakaua, yakapora ng'ombe na mali. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote hadi mtoni ni la Uganda. Likabaki daraja. Ndege zake zilijaribu kulipiga zikashindwa, jambo lisilo la ajabu: kutoka angani daraja ni ukanda mwembamba mno, na hata bomu likitoboa sakafu, shimo huzibwa. Kuliangusha kunataka baruti ifungwe kwenye nguzo au mihimili. Ikabidi aletwe mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe huko Uganda, na tarehe 3 Novemba likaanguka.

Hapo ndipo dhana yenyewe inapoonekana vizuri. Jeshi linalokusudia kusonga mbele hulilinda daraja kama mboni ya jicho, kwa kuwa litalihitaji. Anayelilipua anasema nimefika, na wewe usinifuate. Kwa maoni yangu, mlipuko wa Kyaka ulieleza nia ya Amin kuliko hotuba zake zote: hakuwa akienda Bukoba, alitaka mto uwe ukuta.

Tatizo ni kwamba mto hauwi ukuta bila watu wa kuulinda. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshasema, tarehe 2 Novemba, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kilichokosekana ni njia ya kuvukia. Wanajeshi wa Tanzania walianza kuvuka kwa mashua, kisha wahandisi wa jeshi wakatandika daraja la muda. Madaraja ya namna hiyo huletwa yakiwa vipande vya chuma, yakaungwa palepale mtoni, na hubeba vifaru. Kabla Novemba haijaisha, Tanzania ilikuwa imerudi ng'ambo. Januari 1979 ikachukua Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.