Je, wajua kwa nini bendi kubwa za roki huonekana zote ni za zamani?

Ukiketi barazani mjini Lamu baada ya sala ya isha, vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu vikishapita, utasikia mabishano ya kila namna: ya siasa, ya bei ya samaki, ya nahodha gani alistahili kushinda mashindano ya majahazi na hakushinda. Barazani kwetu kuna mabishano ya ziada ambayo wapita njia huyashangaa kidogo, nayo ni kuhusu bendi zipi za roki zinastahili kuitwa kubwa. Kwa miaka mingi msimamo wangu haukuyumba. Nilizitaja The Beatles, The Rolling Stones, Led Zeppelin, Pink Floyd na Queen (ambayo mwimbaji wake alizaliwa Unguja mwaka 1946, jambo ambalo kwetu sisi watu wa pwani huhesabiwa kuwa hoja kamili), kisha nikafunga mlango. Nilikuwa nikisema kwamba wote hao walirekodi santuri zao za maana kati ya 1965 na 1975, au walianza kuzirekodi ndani ya miaka hiyo, na tangu hapo hakuna aliyefikia kimo chao. Kwa hiyo watu wa zamani walijua kupiga muziki na wa sasa hawajui.

Aliyeitegua hoja hiyo ni mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka 19, kwa swali moja tu. Aliniambia, "Ami, nitajie bendi tano mbovu za mwaka 1969." Nilifungua kinywa, nikakifunga. Sikuijua hata moja. Nilimjibu kwamba hazikuwepo, jibu ambalo nililionea haya kabla sijamaliza kulitamka.

Zilikuwepo, tena kwa wingi. Mwaka 1969 ndio mwaka ambao Led Zeppelin walitoa albamu zao mbili za kwanza, ambao mamia ya maelfu ya watu walikusanyika mwezi wa Agosti katika tamasha la Woodstock jimboni New York, na ambao wanachama wote wanne wa The Beatles walikutana studio kwa mara ya mwisho. Mtu angetarajia wimbo uliotia fora Marekani mwaka huo uwe wa mmoja wa wababe hao. Orodha ya mwisho wa mwaka ya jarida la Billboard yasema vingine: namba moja ilikwenda kwa The Archies, bendi ambayo haikuwa na watu. Ilikuwa bendi ya katuni za televisheni. Waimbaji na wapigaji wa kukodiwa walifanya kazi yao studio, na waliokuwa wakipiga magitaa kwenye skrini walikuwa vijana wa kuchorwa kwa wino. Nakiri kwamba jambo hili lilinifurahisha kuliko inavyomfaa mtu aliyekwisha kushindwa hoja.

Baada ya hapo nilizitafuta orodha nyingine, na kila niliyoifungua ilinivunja zaidi. Mapema mwaka 1967, nchini Uingereza, The Beatles walitoa santuri yenye nyimbo mbili ambazo hadi leo wajuzi huziweka miongoni mwa kazi zao bora, lakini haikufika namba moja, kwa kuwa nafasi hiyo ilishikwa na Engelbert Humperdinck, mwimbaji wa nyimbo laini za mapenzi, ambaye wimbo wake ndio uliouzwa kuliko wowote nchini humo mwaka ule. Katika miaka ya 1965, 1966 na 1968 albamu iliyoongoza kwa mauzo Uingereza haikuwa ya bendi yoyote ya roki; ilikuwa ya nyimbo za filamu moja ya Hollywood kuhusu yaya na watoto wa Austria. Naye Jim Reeves, mwimbaji wa country wa Marekani ambaye wazee wa Kenya hawahitaji kuelezwa ni nani, alikaa namba moja Uingereza kwa wiki tano mwaka 1966, miaka miwili baada ya kufariki katika ajali ya ndege. Hivyo ndivyo miaka yangu ya dhahabu ilivyosikika kwa mtu aliyefungua redio wakati ule: gitaa kali lilikuwemo, lakini lilibanwa katikati ya mengi ambayo leo hakuna anayeyatetea barazani.

Nyumba zetu zaweza kueleza kilichotokea. Mgeni anayetembea Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale, huona kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya chokaa, boriti za mikoko darini, safu za zidaka ukutani na milango ya nakshi, kisha husema kwamba watu wa kale walijua kujenga. Anachokiona ni cha kweli. Asichokiona ni nyumba za udongo na makuti ambazo watu wengi waliishi ndani yake, hasa upande wa Langoni, kwa sababu paa la makuti hudumu miaka michache tu kabla ya kuezekwa upya, na ukuta wa fito na udongo ukiachwa bila mtu haungoji mjukuu. Kilichobaki ni jiwe, na kwa kuwa jiwe ndilo lililobaki, mgeni hudhani kwamba kila kitu kilikuwa jiwe. Kisha huigeukia nyumba ya matofali ya saruji iliyojengwa mwaka jana na kuilinganisha na jumba la karne ya 18, pasipo kutambua kwamba analinganisha kilichochekechwa na ambacho bado hakijatiwa kwenye chekecheke. Ni kama kuiweka sinia ya wali wa mchele uliopepetwa na kuchaguliwa mawe karibu na gunia lililotoka kinuni asubuhi hii, halafu kulilaumu gunia kwa pumba zake. Bendi za mwaka huu zote zimo guniani, nzuri na mbaya pamoja, nasi tunazisikia zote.

Upande wangu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu muziki wangu ulichekechwa mara kadhaa kabla haujanifikia. Katika miaka ya 1970 Lamu ilikuwa kituo maarufu cha vijana wa Ulaya na Marekani waliozunguka dunia na shanta mgongoni na nywele mabegani, na nyumba ya wageni aliyoisimamia kaka yangu mkubwa ilipata wateja wake miongoni mwao. Walipoondoka, baadhi yao waliacha kaseti, ama kwa ukarimu, ama kwa kupunguza mzigo, ama badala ya kodi ya usiku mmoja. Ifikirie safari ya kaseti kama hiyo. Kwanza kijana wa Ulaya aliinunua, akaziacha mamia nyingine dukani. Kisha aliipenda kiasi cha kutokuichoka. Kisha, siku ya kufunga shanta, alijua kwamba nafasi iliyobaki ni ya kaseti tano au sita, na akaichagua. Hakuna mtu anayevuka Sahara, au anayepanda jahazi, huku amebeba kaseti asiyoipenda. Mimi niliyekuja kuzisikiliza kwenye redio ya kaka nilidhani nimesikiliza muziki wa wakati ule, kumbe nimesikiliza makapu matano ya mwisho ya soko zima.

Ni lazima niseme pia kwamba chekecheke hubakiza kinachozuiwa na matundu yake, na matundu hayakutobolewa kwa kipimo cha ubora peke yake. Sanduku langu la kaseti lililobaki leo ni ushahidi wa kusikitisha: nilizozipenda ziliazimwa na hazikurudi, au zilipigwa hadi utepe ukalegea, na zilizosalimika na chumvi ya bahari ni zile ambazo hakuna aliyezitaka. Mtu wa karne ijayo akilifungua sanduku hilo ataamini kwamba Lamu ilikuwa ngome ya mashabiki wa muziki wa kinanda cha kanisani.

Ndiyo maana inafaa kuuliza ni nani hufanya kazi ya kubakiza. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wakiyakumbuka, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayahifadhi. Hapa Lamu, Muhamadi Kijumwa alinakili tenzi kwa mkono wake kwa miaka mingi, mara nyingi kwa maombi ya wataalamu wa Ulaya, na utenzi uliopita mkononi mwake ulikuwa na bahati kuliko uliobaki kinywani mwa bibi. Bendi nazo zina wanakili wao, yaani wanamuziki wenzao. Albamu ya kwanza ya The Velvet Underground ilitoka mwaka 1967 na wakati ule haikupanda zaidi ya nafasi ya 171 katika chati ya Marekani, jambo ambalo kwa hesabu ya mauzo lingetosha kuifuta. Lakini wachache walioinunua walikuwa watu wa kushika magitaa. Mwimbaji Mwingereza David Bowie aliimba nyimbo za bendi hiyo jukwaani, bendi ya R.E.M. ya Marekani ikazirekodi upya, na mwaka 1996 bendi iliyokuwa haiuziki iliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Rock and Roll wa Cleveland. Ukumbi huo wenyewe una sharti kwamba miaka 25 ipite tangu msanii atoe rekodi yake ya kwanza ndipo jina lake liweze kufikiriwa. Basi anayeuliza kwa nini waliomo wote ni wazee ajibiwe kwanza kwamba vijana hawaruhusiwi mlangoni.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba ukubwa wote ni bahati. Hapo mimi husita. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio ambalo watu zaidi ya 14,000 walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana na kupakua walizozipenda. Kundi moja halikuonyeshwa chochote, na makundi mengine manane yalionyeshwa ni watu wangapi wa kundi lao walikwisha kupakua kila wimbo. Mwenye kupita asubuhi palipo na wauza mahamri wawili anajua kitakachofuata: penye foleni ya watu watatu huongezeka wa nne, na yule wa pili hubaki akipepea nzi ingawa mbaazi zake hazina kasoro. Wimbo mmoja wa bendi iitwayo 52metro, ambao kwa kundi lisiloonyeshwa kitu ulikuwa wa 26, ulishika nafasi ya kwanza katika kundi moja na ya 40 katika jingine. Hata hivyo, nyimbo zilizoonekana bora kabisa ni mara chache ziliangukia mkiani, na mbovu kabisa ni mara chache zilipanda kileleni. Bahati hufanya kazi yake kubwa katikati ya orodha, na huko katikati ndiko waliko wengi tunaowabishania.

Kuna pia suala la umri, ambalo nitalipita haraka kwa kuwa linanigusa. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler waliwasikilizisha Wamarekani 108 vipande vya nyimbo zilizovuma miaka mbalimbali, wakaona kwamba mapenzi hufikia kilele kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji alipokuwa na miaka 23 na nusu hivi. Watu 108 si wengi, tena ni wa nchi moja, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kama tarehe ya kuzaliwa. Utafiti mwingine, wa Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vijana wa takriban miaka 20 huupenda pia muziki uliovuma wazazi wao walipokuwa vijana, labda kwa kuwa waliurithi nyumbani. Mimi niliurithi kwa kaka, pamoja na redio yake.

Haya yote hayathibitishi kwamba muziki wa sasa haujapungukiwa na kitu. Mwaka 2012 Joan Serrà na wenzake wa Barcelona walipima kwa kompyuta karibu nyimbo nusu milioni zilizorekodiwa kati ya 1955 na 2010, wakaona kwamba sauti zimekuwa na kishindo zaidi na kwamba namna noti zinavyofuatana imepungua aina. Nililipeleka jambo hilo barazani kwa matumaini. Kijana alinikumbusha, kwa adabu, kwamba utafiti ulipima wingi wa aina, haukupima ukubwa wa bendi, na kwamba jarida la Rolling Stone liliiponda albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilipotoka, maana waliokuwa hai wakati ule hawakuwa na hakika ni kipi cha kubakiza.

Nilichoweza kufanya ni kulijibu swali lake, hata kama nimechelewa. Nilimwambia kwamba bendi mbovu ya kwanza ya mwaka 1969 nimeipata, nikamchezea wimbo wa The Archies kwenye simu, palepale barazani. Aliusikiliza hadi mwisho, akanyamaza, akaomba nimtumie. Kesho yake asubuhi nilimsikia akija uchochoroni nyuma ya punda wa maji, akiupiga mbinja.