Nafuu ya kijamii: maana yake, na inavyotumika kwenye mabishano

Wengi huiita dhana hii, privilege kwa Kiingereza, "upendeleo", na mkanganyiko huanzia hapo. Upendeleo una mtu anayependelea: bosi amemwajiri shemeji yake, mwalimu amemwongezea mwanawe alama. Dhana hii haina mtendaji mmoja. Ni nafuu anayoipata mtu kwa jinsia yake, rangi yake, ukoo wake au lugha aliyokulia, bila kuiomba na mara nyingi bila kuiona. Ndiyo maana mimi nasema nafuu ya kijamii.

Aliyeieneza sana ni Mmarekani Peggy McIntosh, mwaka 1988. Aliona wanaume wanakubali kwamba wanawake wamepunjwa, ila hawakubali kwamba wao wamezidishiwa. Kisha akajigeukia, akaorodhesha nafuu alizozipata kila siku kwa kuwa Mzungu.

Huku Moshi mfano ulio wazi ni kihamba. Kwa mila ya Wachaga, shamba lile la migomba na kahawa hurithiwa na watoto wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini kikao cha ukoo hakiendeshwi kwa kitabu cha sheria. Dada akisema, "Kaka, wewe ulizaliwa na ardhi," kaka husikia ameitwa mvivu. Ataanza kuhesabu miaka aliyopalilia, samadi aliyobeba, mibuni aliyopogoa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomjibu dada. Hakusema kaka hakutoka jasho. Alisema yeye hakupewa hata pa kutolea jasho.

Neno hilohilo la nafuu hugeuzwa pia kuwa kufuli la mdomo. Kaka akishauri mibuni mizee ing'olewe ipandwe parachichi, akajibiwa, "Unasema hivyo kwa kuwa wewe ni mwanaume," hoja imekimbiwa. Ushauri wa mibuni hupimwa kwa maji ya mfereji na bei ya sokoni. Hilo linaniuma, kwa sababu siku dada atakapodai haki yake ya kweli, watasema ni lilelile lake la siku zote.

Tena nafuu haikai upande mmoja. Binti aliyesoma msingi kwa Kiingereza anaingia kidato cha kwanza akimwelewa mwalimu. Binamu yake wa kiume, aliyesoma kwa Kiswahili, anakutana na masomo karibu yote katika lugha ngeni. Kihamba kinamsubiri nyumbani; darasani anaogopa kunyoosha mkono.