Sinema Haijafa, Ila Inadaiwa

Kila ukumbi wa sinema unapofungwa, mshukiwa huwa mmoja: Netflix na wenzake wa striming, yaani wanaoonyesha filamu kwa intaneti. Hukumu inatoka kabla shahidi hajaitwa. Ukizifuata tarehe, lakini, unakuta mshukiwa huyo hakuwepo kabisa wakati sehemu kubwa ya wizi ikifanyika. Hebu tuyapime, moja moja, madai yanayorudiwa.

"Striming ndiyo iliyowaondoa watu ukumbini"

Marekani, ambako hesabu za tiketi zimetunzwa siku nyingi, kilele kilikuwa mwaka 1946. Enzi hizo watu kati ya milioni 80 na 90 waliingia sinema kila wiki. Kisha wakahamia vitongojini, wakazaa, wakanunua televisheni. Studio zikajibu kwa kupanua pazia. CinemaScope, mfumo wa pazia pana, ilitoka 1953 kwa shabaha hiyo hiyo ya kumwonyesha mtu kitu ambacho kisanduku cha sebuleni hakiwezi.

Halafu ikaja kaseti ya video. Mwaka 1982 Jack Valenti, mkuu wa chama cha studio za Hollywood, alikiambia kikao cha Bunge la Marekani kwamba mashine ya kurekodia video ni hatari kwa watengenezaji filamu kama mnyongaji kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Miaka michache tu baadaye, mnyongaji huyo alikuwa akiziletea studio zilezile mamilioni ya dola.

Kilele cha karne hii huko Marekani kilikuwa 2002, tiketi zaidi ya bilioni 1.5. Netflix ilianza kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007. Mteremko ulishaanza. Kwamba striming imeusukuma uende kasi zaidi, sibishi.

"Mwenye striming hana haja ya tiketi"

Utafiti wa kampuni ya ushauri ya EY wa mwaka 2018 ulikuta kwamba wanaokwenda sana sinema ndio hao hao wanaotazama sana striming. Ulilipiwa na chama cha wenye kumbi, kwa hiyo usiumeze mzimamzima. Lakini unaingia akilini: mpenda filamu ni mpenda filamu. Aliyepotea ni yule wa mara mojamoja, aliyekuwa akiingia kwa sababu tu Jumamosi hana la kufanya.

"Nyumbani na ukumbini siku hizi ni kitu kilekile"

Hapa wenye televisheni kubwa wana hoja. Kuna kumbi zenye taa ya projekta iliyofifia kiasi kwamba usiku wa kwenye filamu unaonekana kama supu ya kijivu, na televisheni nzuri inazishinda. Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni kitufe cha kusimamisha. Filamu ya saa mbili mimi nyumbani naimaliza kwa siku tatu, simu ikiwa mkononi.

Ila kuna kitu ambacho mtazamaji haoni. Filamu hufika ukumbini, mara nyingi ndani ya diski, ikiwa imefungwa kwa msimbo. Ufunguo huja kivyake, kama faili dogo la barua pepe, umetengenezwa kwa ajili ya mashine ile moja tu, na ndani yake kumeandikwa saa ya kuanza kazi na saa ya kwisha. Fundi akijaribu kabla ya saa, haifunguki. Siku za mkataba zikiisha, haifunguki tena. Ukitaka kujua ukumbi unauza nini, tazama ufunguo huo: unauza muda, yaani siku ambazo filamu haipatikani kwingine.

"Filamu ikitoka kote siku moja, wote wanafaidika"

Kabla ya 2020, siku hizo za ukumbini pekee huko Marekani zilikuwa kama 90. Janga la korona lilipofunga kumbi, studio ya Universal ikakubaliana na AMC, kampuni ya kumbi, kwamba siku 17 zinaweza kutosha. Warner Bros. ikaenda mbali zaidi: mwaka 2021 filamu zake zote zilitoka Marekani ukumbini na kwenye HBO Max, huduma yake ya striming, siku ileile. Mwaka uliofuata iliachana na mpango huo.

Madhara yake yamebaki kichwani mwa mtazamaji. Ameshajua kwamba akivumilia wiki chache filamu itamfuata sebuleni, na nani atamlaumu kwa kuvumilia? Ufaransa haikuliacha soko liamue: tangu 2022 Netflix husubiri miezi 15 baada ya filamu kutoka sinema.

"Kampuni za kumbi zinafilisika, basi watu hawaji"

Cineworld, kampuni ya kumbi ya Uingereza, iliinunua Regal ya Marekani mwaka 2018 kwa dola bilioni 3.6, ikabaki na deni kubwa. Korona ilipoingia, milango ikafungwa lakini riba haikufungwa. Septemba 2022 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, mwaka uleule ambao filamu ya "Top Gun: Maverick" iliingiza karibu dola bilioni 1.5 duniani.

Hata hivyo, tusijidanganye kwa filamu moja. Mauzo ya tiketi ya Marekani na Kanada yalizidi dola bilioni 11 mwaka 2019. Mwaka 2024 hayakufika bilioni 9. Mgomo wa waandishi na waigizaji wa 2023 ulipunguza filamu za kuonyesha. Naona kumbi zitapungua zaidi, na zinazoathirika kwanza ni zile za kawaida: pazia la kawaida, viti vya kawaida, filamu ambayo wiki ijayo ipo kwenye simu.

"Vijana hawawezi tena kukaa kimya saa tatu"

Julai 2023 walikaa. Filamu ya "Oppenheimer" ni saa tatu za watu wakibishana vyumbani, na iliingiza zaidi ya dola milioni 900. Nakala yake ya IMAX, mfumo wa pazia kubwa mno, ya milimita 70 ilikuwa na mkanda wa kilomita kama 18, na kumbi zilizoweza kuuzungusha zilikuwa takriban 30 tu duniani. Kuna waliosafiri hadi mji mwingine kuuona.