Leseni peke yake haitoshi: dhana potofu kuhusu kuvua samoni na samaki wa maji baridi Uingereza

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika anajua makosa ya uvuvi ni yapi: baruti, sumu, kokoro, nyavu za matundu madogo. Akihamia Uingereza huchukulia kwamba mwenye mshipi na ndoana moja hana la kuogopa. Huko ndiko wengi wanakokosea. Kule sheria haikuulizi umevua kwa zana gani tu. Inauliza pia maji ni ya nani, samaki ni wa aina gani, na leo ni tarehe ngapi.

"Nina leseni, basi navua popote." Dhana hii ndiyo inayowaponza wengi. Ni kweli kwamba England na Wales kila anayevua kwa ufito (fimbo yenye mshipi na ndoana) katika maji baridi, akiwa na umri wa miaka 13 au zaidi, lazima awe na leseni. Wa miaka 13 hadi 16 huipata bure, ila lazima waichukue. Ukikutwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Lakini leseni haikupi haki juu ya maji ya mtu. Haki ya kuvua katika mto ni mali kama shamba lilivyo mali: huuzwa, hurithiwa, hukodishwa kwa vilabu vya wavuvi. Ukitupa ndoana bila idhini ya mwenye haki hiyo, umetenda kosa chini ya Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, hata kama leseni iko mfukoni, na mahakama inaweza kutaifisha zana zako. Kinyume chake ni kweli vilevile: rafiki mwenye bwawa akikukaribisha, ukarimu wake haukuondolei wajibu wa kuwa na leseni.

"Scotland hawadai leseni, kwa hiyo ni ruksa." Leseni ya ufito hawadai, isipokuwa katika mto Border Esk ulio mpakani. Lakini kuvua samoni bila kuwa na haki, au bila kibali cha maandishi cha mwenye haki, ni kosa la jinai chini ya sheria yao ya mwaka 2003. Na kuvua samoni Jumapili kumekatazwa kabisa, hata ukiwa na kibali.

"Samaki niliyemvua mwenyewe ni wangu." Inategemea. Wales, tangu mwaka 2020, kila samoni anayenaswa kwa ufito anarudishwa majini. England lazima arudishwe akivuliwa kabla ya tarehe 16 Juni, na kwenye mito mingine hurudishwa msimu mzima. Scotland hupanga mito kwa madaraja kulingana na hali ya samoni wake. Ule wa daraja la tatu huruhusiwi kutoka na samoni hata mmoja. Kumwuza samoni wa ufito ni marufuku Scotland tangu mwaka 2002, na England na Wales tangu 2009. Masharti haya mimi nayaunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2023 samoni wa Great Britain aliorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, na yule anayejaa madukani karibu wote ni wa kufugwa.

Samaki wengine nao wana mipaka yao. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, lazima arudishwe majini. Katika mito ya England na Wales, samaki wa kawaida wasio samoni wala trauti (jamaa wa samoni) hawavuliwi kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni.

"Mradi situmii sumu wala baruti." Sheria ya uvuvi wa samoni na samaki wa maji baridi ya England na Wales ya mwaka 1975 inakataza pia bunduki, chusa, mtego wa waya, taa ya kuwavuta samaki usiku, na kulabu ya kumkwangua samaki ubavuni badala ya kumsubiri ale chambo. Hata kurusha jiwe kwa nia ya kumpata samaki ni kosa. Mayai ya samaki hayatumiki kuwa chambo.

"Mwenye kosa ni mvuvi, mimi nimenunua tu." Sheria ya Samoni ya mwaka 1986 iliwalenga hasa wapokeaji. Ukimpokea samoni, ukamhifadhi au ukasaidia kumwuza, huku mazingira yakikupa sababu ya kushuku kwamba amevuliwa kinyume cha sheria, unaweza kufungwa hadi miaka miwili. Mwenye mgahawa anayeletewa samoni wa bei ya kutupa kwa mlango wa nyuma alijue hilo kabla hajatoa pesa.

"Ni polisi tu anayeweza kunikagua." England na Wales, walinzi wa mito wana mamlaka ya polisi katika kusimamia ile sheria ya mwaka 1975. Zaidi ya hapo, mvuvi yeyote aliye karibu nawe, akikuonyesha leseni yake kwanza, ana haki kisheria ya kukudai yako pamoja na jina na anwani. Kukataa ni kosa lingine.