Diski za Kuchomoa Ndani ya Emuleta: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mtu akitaka kufungua kazi zake za zamani zilizomo katika diski laini (floppy) au diski za Zip, ambazo ni diski za kuchomoa zenye nafasi kubwa zaidi, kwa kutumia programu inayoiga kompyuta, yaani emuleta, na diski isionekane, hukimbilia kusema kwamba imekufa. Mara nyingi diski ni nzima, na kinachokwamisha kazi ni mojawapo ya dhana hizi.

Dhana: Kiendeshi kikishachomekwa, emuleta itakiona chenyewe.

Emuleta hujenga kompyuta nyingine yenye prosesa, kumbukumbu na vidhibiti vyake, na mfumo endeshi unaowaka humo huona vile tu ambavyo umeonyeshwa. Kiendeshi halisi kiko chini ya mfumo wa kompyuta mwenyeji, yaani kompyuta halisi ambamo emuleta inaendeshwa. Katika DOSBox, emuleta ya programu za DOS, kwa mfano, herufi A haina kitu mpaka mtumiaji atoe amri ya mount, na hata hapo anachokabidhi ni mafaili tu, si sekta za diski, yaani vipande vidogo ambamo data huandikwa. Programu inayotaka kusoma sekta moja kwa moja itagoma mpaka ipewe taswira ya diski, yaani faili moja lenye nakala ya diski nzima, kwa amri ya imgmount. QEMU, emuleta nyingine, inaweza kupitisha kifaa cha USB hadi ndani, lakini hilo halimsaidii anayetumia Windows 3.1, kwa kuwa mfumo huo haukuja na draiva za USB, yaani programu za kuendeshea vifaa hivyo.

Dhana: Taswira ya diski ni nakala hafifu, heri kutumia diski yenyewe.

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa sababu kila usomaji huichosha diski iliyokwisha kuzeeka. Taswira iliyochukuliwa vizuri hubeba kila sekta kwa mpangilio wake, na ukamilifu wake huanza kupimwa kwa ukubwa wa faili: diski laini ya MB 1.44 ina sekta 2,880 za baiti 512, kwa hiyo faili lake lazima liwe na baiti 1,474,560, na diski ya Zip ya MB 100 hutoa baiti 100,663,296. Faili likipungua, kuna sehemu haikusomwa. Kabla ya kusoma diski laini, sogeza kibao kidogo kilicho kwenye kona hadi tundu lionekane wazi, ili pasiandikwe chochote kwa bahati mbaya.

Diski za Zip zina mtego wake. Zilizoandaliwa kwa kompyuta za PC kwa kawaida huweka kizigeu chao (sehemu ya diski yenye mafaili) katika nafasi ya nne, ndiyo maana katika Linux huonekana kwa jina kama sdb4. Anayenakili sdb4 peke yake huacha nyuma jedwali la vizigeu, kisha hushangaa emuleta kama 86Box, ambayo huiga kiendeshi chenyewe cha Zip, ikikataa faili lake. Nakili sdb nzima.

Dhana: Kiendeshi cha diski laini cha USB husoma diski yoyote ya inchi 3.5.

Vingi husoma za MB 1.44 na KB 720 basi. Diski za Macintosh za KB 800 ziliandikwa na kiendeshi kilichobadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa kilivyosogea, na za Amiga za KB 880 zina mpangilio wake. Hakuna mpangilio wa emuleta utakaotibu hilo. Kinachohitajika ni kifaa kama Greaseweazle, ambacho huunganishwa na kiendeshi cha kawaida cha zamani na kurekodi mabadiliko ya sumaku yenyewe, kisha programu huyafasiri.

Dhana: Hakuna ubaya mifumo miwili kufungua diski moja kwa wakati mmoja.

Kila mfumo huweka orodha ya mafaili katika kumbukumbu yake, na mfumo wa pili kuandika hufuta yaliyoandikwa na mwenzake. Funga diski upande wa mwenyeji kwanza. Hata taswira zikibadilishwa, toa ya zamani kutoka ndani ya mfumo unaoigwa kabla ya kuingiza nyingine.

Dhana: Kompyuta ikitaka kuiandaa diski upya, basi diski ni tupu au imeharibika.

Ujumbe huo mara nyingi una maana kwamba mfumo wa mafaili haujulikani kwa kompyuta hiyo. macOS iliacha kusoma HFS, mfumo wa mafaili wa Macintosh za zamani, tangu toleo la 10.15 la mwaka 2019, na Windows haikuwahi kuisoma. Kataa ombi hilo, chukua taswira, kisha uikabidhi kwa emuleta yenye mfumo wa Macintosh wa wakati huo, ambao utaifungua kama diski yake.