Sindano ya mtoto wa jicho si drili

Ukikaa foleni ya kliniki ya macho, hukosi mtu wa kukutisha: "Wanakuingizia drili jichoni." Mwenzake atamkatalia, "Ni leza hiyo." Wote wawili wamekosea. Kinachomvunjavunja mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, kwa kawaida ni sindano nyembamba yenye tundu, inayotetemeshwa kwa altrasauti, yaani mtetemo wa kasi usiosikika kwa sikio. Dkt. Charles Kelman wa Marekani, aliyeileta kazi hii mwaka 1967, alipata wazo akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, akisafishwa meno kwa kifaa kinachotetemeka.

Aina ya kisasa hujisokota. Hujisokota, haizunguki: inakwenda digrii chache kulia, inarudi kushoto, takriban mara 32,000 kwa sekunde. Ndani ya mpini mna vipande vya kauri ambavyo vikipitishiwa umeme hutanuka na kunywea. Huo bado ni mwendo wa mbele na nyuma. Mbele yake kuna shingo ya chuma iliyochanjwa kwa mshazari, na hapo ndipo mwendo unapogeuka msokoto.

Wengi hudhani ukishapata msokoto, kazi imekwisha. Nyoosha waya wa hanga, uushike kwa vidole viwili, uusokote huku na huku. Ncha inageuka palepale, haigusi kitu. Sasa ikunje kidogo usokote vilevile: inafagia. Ndiyo maana sindano hii imepinda karibu na ncha. Daktari akifunga iliyonyooka, msokoto karibu wote unapotea bure.

Kasi nayo siyo siri yake. Mtindo wa zamani, wa kupiga mbele na nyuma, huweza kufika mara 40,000 kwa sekunde, lakini kila pigo hukisukuma kipande cha lenzi mbali na ncha, kama kuchoma ndimu inayoelea kwa uma. Msokoto hukata ukienda na ukirudi, na kipande hutulia mdomoni mwa sindano. Daktari akikanyaga pedali zaidi, kasi haibadiliki; kinachoongezeka ni upana wa mtikisiko.

Na joto? Mtu akisikia altrasauti anadhani hakuna cha kuunguza. Kipo. Msokoto hupunguza msuguano pale sindano inapopenya konea, kioo cha mbele cha jicho, kwa kuwa sehemu hiyo imenyooka na haifagii, ila kinachopoza hasa ni maji yanayopita kandokando ya sindano. Yakizibwa huku pedali imekanyagwa, sekunde chache zinatosha kuunguza mkato ule wa konea.